Soneti ya bahari irudishiwe mistari yake

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita, kwenye ukurasa wa utamaduni, mlichapisha kwa Kiswahili soneti, yaani shairi la mistari kumi na minne, ya mshairi Mwingereza John Keats kuhusu bahari. Nilifurahi kuiona, maana mshairi huyu si mgeni wa kila siku katika magazeti ya Bukavu. Lakini ilikuja imepangwa kama aya moja ya habari: mistari kumi na minne imeunganishwa, vituo vyake vimefutwa, na chini yake mwandishi wenu ametoa fundisho kwamba aliyechoka na apumzike. Akaongeza kuwa sisi tusio na bahari tuweke Ziwa Kivu mahali pake, na kwamba ile kwaya ya mstari wa mwisho ni wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaoimba usiku.

Naandika kwa heshima, tena bila ugomvi na ndugu yangu mwandishi, ambaye ameonyesha wazi kwamba analipenda shairi hili. Ninachopinga ni yale yaliyoipata mistari. Keats alilitunga shairi hili kwa ajili ya sikio, na sikio lazima lijue mstari unaishia wapi. Miisho hiyo ikiondolewa hata maana inahama, na ndiyo sababu fundisho la kupumzika limepatikana mahali ambapo mshairi alisema karibu kinyume chake.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Kadutu, na jioni nafundisha kwaya ya parokia. Kabla sijaeleza, naomba wasomaji wenu walione shairi likiwa na umbo lake. Hii ni tafsiri yangu mwenyewe, mstari kwa mstari. Sikutafuta vina wala mizani. Nimejaribu tu kumfuata Keats, nikate alipokata:

Haiachi kunong'ona milele na milele kuzunguka
fukwe za ukiwa, na kwa mfuro wake mkuu
huyavimbisha mapango elfu ishirini, mpaka uganga
wa Hekate uyaachie sauti yao ya kale, ya vivuli.
Mara nyingi huikuta imetulia kwa upole
hata kombe lililo dogo kuliko yote
halisogei siku nyingi kutoka lilipoangukia
mara ya mwisho pepo za mbingu zilipofunguliwa.
Enyi ambao macho yenu yameudhika na kuchoka,
yalisheni upana wa Bahari;
enyi ambao masikio yenu yamepigwa na makelele,
au yamelishwa kupita kiasi nyimbo za kukinaisha,
kaeni karibu na kinywa cha pango la kale, mwaze,
hadi mshtuke, kana kwamba nguva wameimba kwaya!

Hekate ni mungu wa kike wa Wayunani wa kale, wa uganga na usiku, naye alihusishwa na mwezi. Mwezi ndio unaovuta maji ya bahari yakajaa na kupwa. Kwa hiyo mistari minne ya kwanza inasema juu ya maji kujaa na maji kupwa: bahari inaingia mapangoni hadi yanavimbiwa, kisha inatoka na kuyaachia mwangwi wao.

Shairi liliandikwa Aprili 1817. Keats, aliyezaliwa tarehe 31 Oktoba 1795, alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Alikuwa amesomea uganga wa hospitali katika Guy's Hospital ya London, akauacha kwa ajili ya ushairi, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimetoka mwezi mmoja tu kabla. Akaondoka London peke yake kwenda kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, akapanga chumba Carisbrooke, kijiji kilicho ndani ya kisiwa na siyo ufukweni. Tarehe 17 Aprili akaanza kumwandikia barua rafiki yake John Hamilton Reynolds. Humo anasema amekosa usingizi, neva zake hazijatulia, na kwamba maneno fulani ya tamthilia ya King Lear ya Shakespeare yanamwandama bila kumwachia: je, huisikii bahari? Baada ya maneno hayo ndipo akaandika soneti.

Naomba tukae kidogo kwenye swali hilo, kwa sababu ndani yake mna ufunguo. Katika tamthilia anayeulizwa ni mzee Gloucester, ambaye macho yake yameng'olewa. Anayemuuliza ni Edgar, mwanawe, aliyejifanya mtu mwingine, naye anamwambia wako juu ya jabali la Dover na bahari iko chini yao. Hakuna jabali wala bahari hapo. Wako mahali tambarare. Mzee kipofu anaombwa aisikie bahari ambayo haipo, na hapo Shakespeare ana kazi moja tu, kuifanya isikike kwa maneno matupu. Kijana aliyekaa bila usingizi katika kijiji kisicho ufukweni alivamiwa na swali hilo hilo, akalijibu kwa mistari kumi na minne. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba mtoto wa Bukavu hawezi kulielewa shairi hili kwa kuwa hajafika baharini. Limeandikwa kutokana na swali aliloulizwa kipofu. Asiyeiona bahari ndiye msikilizaji wake wa kwanza.

Tazama sasa jinsi linavyoanza. Kwa Kiingereza neno la kwanza ni "It", kiwakilishi kitupu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa nane, bahari haitajwi kwa jina. Tunausikia mnong'ono, tunapewa fukwe, mapango na kombe, lakini jina linangoja mpaka mwisho wa mstari wa kumi: "Feast them upon the wideness of the Sea". Darasani huwa nakificha kichwa cha shairi, nawasomea wanafunzi ile mistari minane, kisha nauliza ni nini hicho kinachonong'ona. Wengine hutaja upepo, wengine mizimu. Mmoja alisema ni umati wa watu msibani usiku, wanaozungumza kwa sauti ya chini, na hilo sijalisahau. Kisha ninapofika mstari wa kumi na jina linatoka, darasa zima linageuza sikio. Katika aya mliyochapisha, neno "bahari" limeingizwa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, bila shaka ili msomaji asipotee. Lakini Keats alitaka msomaji asikilize kwanza ndipo aambiwe.

Wasomaji wenu wanaijua sanaa ya vina na mizani vizuri kuliko watu wengi wa dunia hii, kwa hiyo sitarefusha habari ya umbo. Soneti aliyoitumia Keats ni ile ya Kiitalia, ambayo Petrarch (1304-1374) aliipa sifa kubwa. Ina mistari minane ya mwanzo yenye vina viwili tu, vikipangwa hivi: cha kwanza, cha pili, cha pili, cha kwanza, kisha tena vivyo hivyo. Halafu inageuka, na mistari sita ya mwisho ina vina vipya ambavyo mshairi ana uhuru wa kuvipanga. Katika shairi letu la mizani kumi na sita, sikio linajua kwamba kina kitaanguka kwenye mizani ya nane na ya kumi na sita. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekuwa hai miaka hiyo hiyo ya Keats, alitunga mashairi yake kwa mpango wa namna hiyo na akashangiliwa. Kila mstari wa Keats nao una mizani kumi, lakini Kiingereza kina kitu ambacho sisi hatukihesabu: mapigo. Silabi hafifu, silabi nzito, hafifu, nzito, mara tano. Mstari wa kwanza unatembea hivyo bila kukwaa popote.

Kisha unakatika kwenye neno "around", kuzunguka, kabla hatujaambiwa kuzunguka nini. Msomaji lazima avuke ukingo. Akivuka anaangukia "Desolate shores", na pigo limegeuka, nzito imetangulia. Washairi wetu wanaiita mistari ya namna hii mishata. Mstari wa pili unaishia "swell", ule mfuro wa maji, nao vilevile haujakamilika. Sauti imepanda, pumzi imejaa, na mstari unaofuata unafunguka kwa neno zito sana, "Gluts". Kisha "twice ten thousand", maneno ambayo ulimi hauwezi kuyakimbiza kwa sababu kila moja linataka pigo lake na konsonanti zimesongamana mlangoni. Mtu yeyote ajaribu kuyasema haraka: "Gluts twice ten thousand". Kinywa kinajaa. Pango limejaa. Mstari wa tatu nao ni mshata; ni wa nne tu unaofika kituoni, kwenye "sound", sauti, na hapo maji yamekwisha kutoka.

Nimesema haya yote kwa urefu, ndugu Mhariri, kwa sababu ndiyo yaliyopotea katika aya yenu. Ukiandika "kunong'ona kuzunguka fukwe za ukiwa na kwa mfuro wake huvimbisha mapango" kwa mfululizo, taarifa imebaki yote. Lakini yale maanguko matatu hayapo tena, wala ule mfuro unaokaa juu kitambo kidogo kabla ya kushuka.

Sikiliza pia vina. Upande mmoja ni "around", "sound", "found", "unbound". Upande wa pili "swell", "spell", "shell", "fell". Anayefundisha kwaya huyaona maneno haya kwa jicho la pekee, maana yote nane yanaweza kushikwa. "Sound" ina irabu pana inayofuatwa na n, na n inaweza kuvuma puani muda unaotaka kabla d haijaifunga. "Swell" ina l, nayo inaendelea kulia baada ya irabu kwisha. Keats hakuchagua kina chochote cha kukatika ghafla katika mistari hiyo minane. Vinakwenda na kurudi, mvumo huu, mvumo ule, ule, huu, na duru linarudiwa mara ya pili.

Halafu kuna s. Kila mwalimu wa kwaya ananielewa hapa. S haina noti. Huwezi kuiimba, unaweza kuipuliza tu. Waimbaji arobaini wakifika pamoja kwenye neno linaloishia s, kila mmoja anaiachilia kwa wakati wake, na unachosikia ni mchirizi mrefu, kama maji yanayorudi nyuma juu ya changarawe. Mazoezini tunahangaika kuifupisha. Keats alifanya kinyume: aliitafuta na kuimwaga. "Keeps", "whisperings", "desolate shores", "its", "swell", "gluts", "twice", "spell", "shadowy sound". Kila mstari wa ule ubeti wa mwanzo unapita na mchirizi huo ukiuandama. Bahari inapotulia, kwenye mstari wa sita, s zinakuwa ndogo ndogo, "scarcely", "smallest shell", na mstari wa saba unabaki karibu na maneno ya silabi moja moja tu, mepesi, yasiyosukumana, kama lile kombe lisilosogea. Na kwenye mstari wa nane zinapotajwa pepo, ni w zinazovuma: "When", "winds", "were".

Sasa jambo ambalo ningependa msomaji alihakikishe mwenyewe kwa kidole juu ya karatasi. Katika mistari yote kumi na minne upo mmoja tu usio na s hata moja. Ni wa kumi na mbili: "Or fed too much with cloying melody". Huo ndio mstari unaozungumzia muziki mtamu wa kukinaisha. Keats alipotaka kututajia sauti isiyokuwa ya bahari, alifunga mlango wa s. Kina chake nacho kimelegea. "Melody" linaitikia "Sea", lakini "Sea" ni silabi nzito iliyosimama peke yake, na mwisho wa "melody" ni silabi hafifu iliyodondoka. Wimbo mtamu unajaribu kuifikia bahari na haufiki. Kisha mstari wa kumi na tatu unaanza na "Sit", na mchirizi umerudi.

Sijui kama alipanga haya kwa kuhesabu, na kwangu si hoja. Fundi wa ngoma hahesabu, lakini mkono wake haukosei. Hoja ni kwamba yapo, na anayesoma kwa sauti anayapata mwilini hata kama hajui kuyaeleza.

Nifike kwenye fundisho. Mwandishi wenu anasema shairi linatualika tupumzike. Ni kweli kwamba mistari sita ya mwisho inawaita waliochoka: kwanza wenye macho yaliyochoka, kisha wenye masikio yaliyopigwa. Naelewa kwa nini mtu wa mji huu angeukumbatia mwaliko huo. Nyumbani kwangu asubuhi kuna grupu ya umeme ya jirani, kuna spika za kanisa, spika za duka la simu linaloshindana na kanisa, na pikipiki zinazopanda kilima. Katika hizo sauti mnazo aina zote mbili alizozitaja Keats, makelele na utamu uliozidi. Lakini soma mpaka mwisho. Hawaambii walale. Anawaambia wakae kinywani mwa pango wawaze "hadi mshtuke". Neno lake ni "start", na mtu aliyepumzika hashtuki hivyo. Aliyeandika hakuwa amelala. Alikuwa na usingizi uliokatika na maneno ya Shakespeare kichwani. Anachowaahidi masikio yaliyochoka ni kusikia upya, na kusikia upya kunaanza kwa mshtuko.

Na mshtuko huo ameufanya kwa kina. Mstari wa tisa unaishia "tired", yaliyochoka. Sikio linangoja mwenzake. Linakuja "Sea", halafu "rude", halafu "melody" likimwitikia "Sea", halafu "brood" likimwitikia "rude", kwa irabu nzito ya giza inayokaa muda mrefu mdomoni. Kufikia hapo "tired" limesahaulika kabisa; msomaji anadhani mambo yamekwisha kupatana. Ndipo neno la mwisho la shairi linapotoka, "quired", wameimba kwaya, na kile kina kilichoachwa yatima mistari mitano nyuma kinaitikiwa kwa ghafla. Masikio yanashtuka kwenye shairi lenyewe, palepale linaposema mtashtuka. Uchovu umeitikiwa na kwaya. Katika mistari minane ya mwanzo Keats asingeweza kufanya hivyo, kwa sababu mpango wa vina vile viwili unajulikana na kila mtu. Alitumia uhuru wa ile sita. Kama neno hilo la mwisho limetupwa katikati ya aya, ukingo wake umeondolewa, hakuna wa kushtuka.

Kuhusu ziwa, hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na ndugu yangu, na najua wengi watakuwa upande wake. Ziwa Kivu nalipenda kama kila aliyezaliwa juu ya peninsula hizi. Lipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 na kina chake kinafika karibu mita 480. Si dogo mbele ya mtu yeyote. Lakini halina maji kujaa na kupwa ya kuonekana kwa macho. Maji yake yanatoka hapa hapa Bukavu kwa mto Ruzizi, yanateremka kwenda Ziwa Tanganyika, na hayarudi. Bahari ya Keats inaondoka na kurejea karibu mara mbili kila siku, ikivutwa na mwezi, na vina vyake vinaondoka na kurejea pamoja nayo. Mimi hata nasikia zile mara mbili katika "twice" iliyofuata "gluts". Ukiweka ziwa mahali pa bahari, Hekate hana kazi, mapango hayana wa kuyajaza, na duru la vina halina sababu. Mtu akitaka kulitungia Ziwa Kivu shairi, na natamani sana alitunge, aanze na mwendo wa ziwa lenyewe: maji yanayokwenda upande mmoja, upepo wa alasiri kutoka kisiwa cha Idjwi, na mwanga wa taa za wavuvi.

Wavuvi hao pia wasigeuzwe kuwa nguva. Mwandishi amewataja kwa mapenzi, na nyimbo zao ni hazina ambayo hatujaiandika vya kutosha. Wanaifunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanateremsha wavu kati yake, na wimbo wao unazishika kafi pamoja; mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, na kafi zinaingia majini kwenye kiitikio. Huo ni wimbo wa kazi, uliopo, unaoimbwa na watu unaoweza kuwauliza majina yao asubuhi wakishusha sambaza. Keats anasema "as if", kana kwamba. Hakuna aliyeimba kwenye pango lake. Ni maji tu na mwamba, na sikio lililokaa muda wa kutosha. Tukiwaweka wavuvi pale, tumewaondolea wao jasho lao, na tumemwondolea Keats ile "kana kwamba" inayolibeba shairi zima.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi wa magazeti moja kwa moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kunung'unika mazoezini. Soneti hii ilichapishwa mara ya kwanza gazetini. Ilitoka tarehe 17 Agosti 1817 katika The Champion, gazeti la kila wiki la London. Keats alichapisha vitabu vitatu tu maishani, 1817, 1818 na 1820, na hakuiweka katika kimoja chao. Akafa Rome tarehe 23 Februari 1821 kwa kifua kikuu, ana miaka ishirini na mitano. Katika uhai wake aliyeisoma soneti hii ikiwa imepigwa chapa, aliisoma kwenye karatasi ya habari, katikati ya mambo ya siasa na maonyesho ya tamthilia, ikiwa na mistari yake kumi na minne. Mhariri wa siku zile naye alikuwa na safu nyembamba na habari nyingi za kubana.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mkilitoa tena shairi hili au jingine lolote, kila mstari ukae peke yake. Safu ikiwa nyembamba na mstari haukuenea, kipande kilichobaki kisogezwe ndani kidogo, ili msomaji ajue kwamba hapo aliyekata ni mashine na siyo mshairi. Baada ya mstari wa nane achieni nafasi, maana shairi linageuka hapo na msomaji anahitaji kuvuta pumzi. Likiwepo la asili kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha yoyote, liwekwe kando ya tafsiri hata kama nusu ya wasomaji hawaijui lugha hiyo. Wanaweza kuzifuata s kwa kidole. Na fundisho liachwe. Mwalimu atakayelipeleka shairi darasani, na walimu wengi hapa hawana kitabu ila gazeti lenu, atajua kuuliza maswali yake mwenyewe.

Nawatumia pamoja na barua hii nakala ya soneti niliyoiandika kwa mkono, Kiingereza upande wa kushoto na tafsiri yangu upande wa kulia. Mko huru kuichapisha bila malipo. Ninachoomba ni kwamba alama ya mshangao iliyo mwishoni isiondolewe na msahihishaji, na neno "Bahari" katika mstari wa kumi libaki na herufi kubwa, kwa sababu hapo ndipo linapotajwa kwa mara ya kwanza. Ndugu mwandishi wa ukurasa wa utamaduni, akipenda, namkaribisha kwenye mazoezi ya kwaya Alhamisi jioni. Tutalisoma kwa sauti, yeye mistari minane na mimi sita.

Wenu,
Mwalimu wa Kiingereza na wa kwaya,
Kadutu, Bukavu